Baldur's Gate 3, Wrath of the Righteous au Baldur's Gate ya zamani: uanze na ipi?

Mpwa wangu alinitumia ujumbe usiku mmoja: "Shikamoo mjomba. Zile gemu zako za dadu na kikosi, mimi nianze na ipi?" Kamaliza kidato cha sita, ana laptopu ya kawaida, simu nzuri, na muda anao. Nilimwitikia marahaba, halafu nikamuuliza maswali mawili kabla sijamtajia gemu hata moja. La kwanza: laptopu yako ina nini ndani? La pili: ukishindwa, unapenda ufanyiwe nini?

Hilo la pili lilimshangaza, lakini kwangu ndilo linalochagua. Baldur's Gate ya zamani, Pathfinder: Wrath of the Righteous na Baldur's Gate 3 nimezicheza zote, na zote nazipenda kwa dhati. Kila moja inakupa kikosi cha mashujaa, mapanga, uchawi, na mazungumzo yasiyokwisha. Zinapoachana njia ni pale dadu inapokukataa.

Tuanze na chimbuko. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Watu wanazunguka meza. Mmoja ndiye msimamizi: anasimulia dunia, anasema mlango umefungwa na nyuma yake kuna mtu anakoroma. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, huyu mwizi, yule kasisi, yule mchawi. Ukitaka kufanya jambo lenye mashaka, unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha ujuzi wako, na namba inaamua. Gemu ya kompyuta inamwondoa yule binadamu aliyekaa kichwa cha meza na mahali pake inaweka programu iwe ndiyo msimamizi. Kila studio ilimpa msimamizi wake tabia tofauti, na tabia hiyo ndiyo utakayoishi nayo kwa saa mia.

Baldur's Gate 3: dadu ikianguka vibaya, stori inageuka

Hii ni kazi ya Larian Studios wa Ghent, Ubelgiji. Ilitoka Agosti 2023, baada ya kuuzwa karibu miaka mitatu ikiwa bado inajengwa huku wachezaji wakiijaribu. Mwaka huohuo ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, na mwaka uliofuata ikapata ya BAFTA, tuzo za Uingereza. Inafuata kanuni za toleo la tano la mchezo ule wa mezani, D&D, kikosi ni watu wanne, na mapigano ni ya zamu kwa zamu kama bao: unafikiri, unacheza, unamwachia mwenzako.

Unaamka ndani ya chombo cha viumbe wanaokula ubongo, nao wameshakupachika kiluwiluwi kichwani kupitia jichoni. Chombo kinaanguka, na unaokota wenzako mmoja mmoja, kila mmoja na kiluwiluwi chake na siri yake. Yuko Astarion mnyonya damu, Shadowheart kasisi asiyetaka kusema anamwabudu nani, na Karlach mwenye injini inayowaka kifuani badala ya moyo.

Nieleze tukio moja kwa karibu, kwa sababu ndilo lililonifanya niielewe gemu hii. Mwanzoni unafika kwenye kichaka kitakatifu cha druidi, yaani makuhani wa maumbile, na ndani yake wamejaa wakimbizi. Mtoto wa wakimbizi hao, Arabella, amekamatwa akiiba sanamu takatifu. Kiongozi wa druidi, Kagha, amemwekea nyoka mbele, na nyoka anamwangalia mtoto. Unapewa nafasi ya kusema neno. Nikachagua kumsihi Kagha kwa upole. Dadu kubwa ikatokea katikati ya skrini, ikazunguka, ikatua kwenye 4. Haikutosha. Mtoto akaogopa, akataka kukimbia, nyoka akamuuma. Akafa pale pale, mbele ya kikosi changu.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kurudi nilikohifadhi. Sikukibonyeza. Nikatoka, nikawakuta wazazi wake wakisubiri habari, na nikagundua kwamba waandishi walishayaandaa mazungumzo yale kwa ajili ya mtu kama mimi, aliyeshindwa. Huyo ndiye msimamizi wa Baldur's Gate 3. Hakufungii mlango ukikosea. Anakuelekeza upande mwingine wa nyumba, na huko nako kuna watu. Ukitaka kujitetea anakupa kinachoitwa msukumo, nafasi ya kurusha upya, na unaweza kujiwekea akiba hadi nne.

Kwenye mapigano ni mkarimu vilevile. Ukimlenga adui, asilimia ya kumpata inaonekana kabla hujashambulia. Adui akisimama ukingoni unamsukuma bondeni. Sakafu yenye mafuta unaiwasha moto, yenye maji unaipitishia umeme. Kanuni za toleo la tano zinamruhusu mchawi kushikilia uchawi mmoja tu unaohitaji umakini, kwa hiyo huna orodha ndefu ya kubonyeza kabla ya kila vita. Ukijutia ulivyomjenga mhusika wako, kuna Withers, mifupa inayotembea, ambaye kambini atakujenga upya kwa vipande 100 vya dhahabu.

Nina lawama mbili. Sehemu ya tatu, ndani ya jiji lenyewe la Baldur's Gate, inaichosha kompyuta kuliko sehemu zilizotangulia, na mtu aliyecheza vizuri saa 60 anaweza kukuta picha zinaanza kukwama. Na wahusika wanaishia daraja la 12, ilhali mezani wanafika 20. Uchawi mkubwa kabisa hutauona. Halafu jambo la kifamilia: kuna mapenzi na kuna uchi. Kama unachezea sebuleni, pita kwanza kwenye mipangilio uufiche, ipo sehemu ya kufanya hivyo.

Wrath of the Righteous: dadu ikianguka vibaya, hukujiandaa

Owlcat Games waliitoa Septemba 2021. Jamaa yake wa mezani anaitwa Pathfinder, mchezo wa kampuni ya Paizo uliotoka 2009 ukiwa umejengwa juu ya kanuni za D&D toleo la 3.5. Wachezaji wengi waliokataa kuhamia toleo la nne walikimbilia huko, na waliupenda hasa kwa sababu ya wingi wa kanuni zake. Kikosi ni watu sita. Fani za wahusika zinapita ishirini, kila moja na matawi yake. Mapigano unaweza kuyaacha yaende mfululizo huku ukiyasimamisha utakapo, au ukayageuza kuwa ya zamu kwa kitufe kimoja. Mimi mapambano madogo nayaacha yaende, makubwa nayapiga kwa zamu.

Stori inaanza na sherehe katika jiji la Kenabres. Mfalme wa mashetani Deskari anatua katikati ya uwanja, anamkata kichwa joka wa fedha aliyekuwa mlinzi wa jiji, na ardhi inapasuka chini ya miguu yako. Ukishatoka huko chini unaanza kuongoza vita takatifu dhidi ya mashetani, na nguvu isiyo ya kibinadamu inachipua ndani yako. Utachagua iwe ya namna gani: malaika, shetani, mfu anayetawala wafu, na nyingine kadhaa. Mimi nilifuata njia ya Azata, viumbe wa mbinguni wapenda uhuru, nikapewa joka mchanga aitwaye Aivu, mwenye maneno mengi na roho nyeupe. Gemu iliyobadilika kiasi hicho kwa uamuzi mmoja sijaiona nyingine. Ukirudia na njia tofauti, watu waliokupenda wanakukimbia.

Sasa kushindwa kwake. Mara ya kwanza nilijenga mchawi wa umeme, kwa sababu nilipenda umeme. Tukakutana na mashetani wadogo wa mwanzo. Nikamgusa mmoja kwa mkono uliojaa radi, na kumbukumbu za pambano zikaandika kwamba haikumdhuru hata kidogo. Nikajaribu tena. Vilevile. Ndipo nikafungua maelezo nikasoma: mashetani wa Pathfinder umeme hauwapati kabisa, sumu nayo haiwapati, na moto, baridi na asidi vinawadhuru baada ya kupunguzwa pointi 10 kila pigo. Silaha za kawaida hazipenyi ngozi za wengi wao. Unahitaji chuma baridi au silaha iliyobarikiwa. Nilikuwa nimejenga mhusika wa vita dhidi ya mashetani akiwa na silaha ile moja ambayo mashetani hawaihisi.

Hakuna aliyenionea. Kila neno lilikuwa limeandikwa pale. Msimamizi wa gemu hii anakukabidhi kitabu cha kanuni na kuamini umekisoma. Na ukishakisoma, raha yake ni ya pekee. Baadaye nilipata uwezo wa kuufanya umeme wangu upenye kinga zote, na shetani wa kwanza alipoanguka kwa radi niliyokuwa nimeisubiri saa 30, nilisimama kitini. Raha ya aina hiyo Baldur's Gate 3 haijawahi kunipa, maana haikuwahi kunidai subira ya namna ile.

Gharama yake ni maandalizi. Kabla ya vita kubwa unawapaka wenzako kinga moja baada ya nyingine, hii ya mauti, hii ya moto, hii ya kasi, na kufikia daraja la kumi unaweza kubonyeza dakika nzima kabla hujafungua mlango. Kinga ya mwili yenyewe ina hesabu tatu: ya kawaida, ya kuguswa, na ya kushtukizwa. Wanaopenda hesabu watajisikia nyumbani. Asiyependa, gemu ina ngazi nyingi za ugumu, na ngazi ya chini kabisa inakuachia stori bila mitihani. Usione haya kuitumia; maandishi yake yanastahili kusomwa hata na mtu asiyetaka vita. Msichana Ember, aliyechomwa moto yeye na baba yake, anazungumza na mashetani kama anavyozungumza na majirani, na mara nyingine wanamsikiliza.

Kitu kimoja sikipendi: sehemu ya kusogeza majeshi kwenye ramani. Inachosha, na inakutoa kwa wenzako uliowazoea. Bahati nzuri unaweza kuiacha ijiendeshe yenyewe.

Baldur's Gate ya zamani: dadu ikianguka vibaya, umekufa

BioWare wa Edmonton, Kanada, waliitoa Desemba 1998, na sehemu ya pili ikafuata mwaka 2000. Tunayocheza leo ni ile iliyokarabatiwa na Beamdog, ya kwanza 2012 na ya pili 2013, na jambo kubwa kwa wengi wetu ni kwamba inakubali kwenye simu za Android na iPhone. Watu sita, mapigano ya mfululizo yenye kusimamishwa, kanuni za toleo la pili la D&D.

Kanuni hizo zitakuchanganya wiki ya kwanza kwa sababu kinga inahesabiwa kinyume: kadiri namba inavyoshuka ndivyo unavyolindwa zaidi, hadi chini ya sifuri. Hesabu yenyewe ni fupi ukishaishika. Mpiganaji mchanga ana namba iitwayo THAC0 ya 20. Toa kinga ya adui. Adui mwenye kinga 5 anahitaji dadu yako ionyeshe 15 au zaidi. Basi.

Mchawi wa daraja la kwanza ana uhai wa pointi nne hivi na uchawi mmoja kwa siku. Mbwa mwitu mmoja anatosha kumaliza safari. Na mhusika wako mkuu akifa, gemu imekwisha. Hata kama wenzako watano wamesimama wazima, unarudi ulikohifadhi. Msimamizi huyu hakubembelezi na wala hakuelezi mengi. Lakini anakuachia nafasi ya kuwaza. Sanaa yake ni picha zilizochorwa zikiangaliwa kutoka juu, wahusika ni wadogo kama kidole, na sauti chache tu. Yanayobaki unayajaza mwenyewe, kama msikilizaji wa hadithi ya bibi usiku umeme umekatika. Jaheira na Minsc, wanaotokea Baldur's Gate 3 wakiwa wamekula chumvi nyingi, utakutana nao hapa wakiwa vijana. Aliyeanzia hapa akimsikia Jaheira anaongea kule, moyo unashtuka. Aliyeanzia kule hataelewa tunashtukia nini.

Mfuko, bando na diski

Kila mtu hujikuna ajipatapo, kwa hiyo tuseme wazi. Baldur's Gate 3 inataka nafasi ya GB 150 kwenye SSD (diski ya kasi), RAM ya GB 8 kwa uchache na 16 ili upumue, na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 970 kwenda juu. Laptopu ya ofisini isiyo na kadi ya picha isahau kabisa. Kwenye PlayStation ni PS5; PS4 haimo. Bei yake ya kawaida ni dola 60 za Marekani.

Wrath of the Righteous inachukua karibu GB 50 na haina makuu kwenye kadi ya picha. Kwangu iliwahi kwenda kwenye laptopu yenye kadi ndogo ya zamani nikishusha ubora wa picha. Ipo kwenye PS4. Bei yake hushuka sana nyakati za punguzo. Baldur's Gate ya zamani inakaa kwenye GB chache tu, na ya simu inauzwa karibu dola 10.

Kuhusu bando: mimi Baldur's Gate 3 niliipakua kwa usiku tisa. Kifurushi nilichouziwa kuwa hakina kikomo kilipunguzwa kasi usiku wa pili, na nilipopiga simu niliambiwa nisubiri mwezi uishe. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inaendelea pale ilipoishia, kwa hiyo usiogope kukatishwa. Njia rahisi zaidi, kama una rafiki aliyeiweka tayari na wewe umeshainunua: kompyuta zenu zikiwa kwenye Wi-Fi moja, Steam inaweza kuihamisha kutoka kwake bila kula bando, au unakili folda nzima kwenye diski ya nje kisha Steam ikague mafaili. Laiti ningelijua hilo mapema.

Lugha nayo si jambo dogo. Hakuna hata moja yenye Kiswahili. Baldur's Gate 3 inakusaidia kwa sababu kila neno wanalokwambia wahusika linasemwa na mwigizaji, unaona uso, unasikia hasira au woga, na maana inakufikia hata msamiati ukikupiga chenga. Wrath of the Righteous ni maandishi mengi mno, Kiingereza cha kikasisi na cha kijeshi, sauti za hapa na pale. Mtu anayesoma Kiingereza kwa taabu itamchosha kabla stori haijapamba moto. Ya zamani iko katikati: maandishi mafupi, lakini lugha ya kizamani.

Na kama unataka kucheza na mtu, Wrath of the Righteous iondoe, ni ya mtu mmoja. Baldur's Gate 3 inachukua wanne kwa intaneti, au wawili mkigawana skrini moja. Mimi na mke wangu tuliimaliza hivyo, tukibishana kila mazungumzo, na sijui kama kuna namna bora ya kuicheza.

Nilichomjibu

Mwenye kompyuta yenye nguvu ambaye hajawahi kushika gemu ya aina hii aanze na Baldur's Gate 3, bila kusitasita. Ndiyo inayofundisha vizuri zaidi, na kushindwa kwako haitakutupa. Mtu wa hesabu, anayependa kukaa na karatasi akipanga, na Kiingereza chake kiko imara, aende Wrath of the Righteous moja kwa moja. Hata akiwa na PS4 ataipata. Kitu ambacho sikishauri ni kuanza na Wrath kwa sababu tu kompyuta haiwezi ile nyingine. Utaona aina nzima ya gemu hizi ni adhabu, na haitakuwa kosa lako wala lake.

Laptopu ya mpwa wangu ina RAM ya GB 8, haina kadi ya picha, na diski imebaki na GB 60. Swali langu la pili alilijibu hivi: "Mjomba, mimi nikishindwa narudia mpaka kieleweke." Nikamwambia aanze na ya zamani, kwenye simu, acheze mpiganaji na si mchawi, na asimwache Imoen, rafiki wa mhusika wake, anapomfuata njiani siku ya kwanza.

Baada ya siku tatu akaandika: "Mjomba, pale hoteli ya Friendly Arm kuna mtu ngazini anaitwa Tarnesh. Anaongea vizuri, halafu anaanza kusoma uchawi, kikosi kinapagawa, nakufa. Mara ya nne hii." Tarnesh huyo alishaniua na mimi. Nikamjibu: simamisha mchezo mara tu mazungumzo yakiisha. Imoen ana fimbo ya mishale ya uchawi kwenye mfuko wake tangu siku ya kwanza. Mpe aishike kabla hujapanda ngazi, ampige wakati bado anasoma. Mchawi akipigwa anaposoma, uchawi wake unavunjika. Ukimmaliza ingia ndani, Jaheira na mumewe wanakusubiri.